Vitabu vinaondolewa darasani kwa amri ya mdomo. Huu ni utaratibu wa wapi?

Wakuu, hili limezidi. Mzazi mmoja anapiga simu, na mara nyingi kitabu chenyewe hajakisoma. Ameona ukurasa mmoja uliopigwa picha na kurushwa kwenye grupu la wazazi. Mwalimu anaitwa ofisini: "Hicho achana nacho." Hakuna barua wala sababu. Kesho yake nakala zote zimefungiwa stoo.

Amri ya mdomo haina pa kukatia rufaa. Mwalimu akihoji, anajibiwa kwamba hakuna aliyemkataza. Wenzake nao wakishaona hivyo wanaanza kujibana wenyewe: mada ya uchaguzi inapitiwa juu juu, ya uzazi inaachwa wanafunzi wakajisomee, mdahalo unageuka kunakili ubaoni.

Na msituambie kazi ya mwalimu ni kufuata mtaala basi. Pendekezo la ILO (Shirika la Kazi Duniani) na UNESCO (shirika la elimu la Umoja wa Mataifa) la 1966 kuhusu hadhi ya walimu, aya ya 61, linawapa walimu uhuru wa kitaaluma na nafasi ya msingi katika kuchagua vitabu na mbinu, ndani ya programu zilizoidhinishwa. Ndani ya mtaala huo huo! Hapa hatumtetei anayepigia chama kampeni darasani.

Mwenye lalamiko aandike, ataje kurasa, aseme kama amesoma kitabu chote. Kitabu kibaki darasani hadi uamuzi utoke. Mwanawe apewe kingine cha kiwango hicho hicho. Kamati iwe ya idadi witiri, wawemo walimu wa somo, mkutubi na mzazi asiyehusika, na wote wakisome mwanzo hadi mwisho. Kamati inayosoma aya zilizopigiwa mstari tu imeshahukumu kabla ya kukaa.

Wanafunzi nao wanaumizwa kwenye alama. Ibara ya 13 ya Mkataba wa Haki za Mtoto wa 1989 inampa mtoto uhuru wa kujieleza, lakini insha inayopinga msimamo wa mwalimu inarudi na 8 kati ya 20 na maneno "nje ya mada", wakati hoja na mifano vimo. Vigezo vitolewe kabla ya insha: hoja, ushahidi, mpangilio, lugha. Kukubaliana na mwalimu si kigezo.

Walimu, mkiamriwa kwa mdomo, siku hiyo hiyo andikeni: "Leo umeniagiza niache kitabu fulani, naomba sababu kwa maandishi." Bakini na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa.