Wimbo wa kufungua tamthilia ya muziki: uandikwe lini, na kipi kitangulie, maneno au tuni?

Solfa_Do
Wakuu, heshima kwenu. Naomba msaada kwa mnaojua utunzi wa tamthilia za muziki za aina ya Broadway. Hadithi ipo, wahusika wapo, na nyimbo za katikati zimekaa sawa. Unaogoma ni ule wa kufungua. Ukiimbwa peke yake ni mtamu, lakini hadithi ikishaanza unaonekana umetoka mchezo mwingine. Je, huo huandikwa kwanza au mwisho? Na nani anamtangulia mwenzake, wa maneno au wa muziki?

Pazia
Mkuu, andika wa kufungua wakati wowote, ila usiufunge mpaka ujue mchezo mzima unahusu nini. Dalili unazozieleza ndizo zilizoukuta mchezo wa A Funny Thing Happened on the Way to the Forum mwaka 1962, ulipojaribiwa Washington kabla ya kuingia New York. Ulikuwa ukifunguliwa na wimbo mwororo, Love Is in the Air, na watazamaji walipooza. Jerome Robbins, mwongozaji aliyeitwa kuuokoa, akaona kasoro: wimbo ule uliwaandaa watu kwa mapenzi ya upole, kisha wakamwagiwa vichekesho vya fujo. Stephen Sondheim, mtunzi wa nyimbo za mchezo huo, akaandika Comedy Tonight, unaotangaza waziwazi kwamba leo ni kucheka tu. Mchezo ukapona na kufikisha maonyesho 964.

Miaka miwili baadaye, kwenye Fiddler on the Roof, Robbins huyo huyo aliwaganda Jerry Bock wa muziki na Sheldon Harnick wa maneno kwa swali moja: mchezo huu unahusu nini? Kusema ni habari za muuza maziwa na mabinti zake hakukumtosha. Walipofika kwenye jibu kwamba unahusu mila zinazovunjika, ndipo ukazaliwa Tradition. Usikilize ulivyojengwa. Akina baba wanaingia na tuni yao na kueleza wajibu wao, wakafuata akina mama, kisha wana wa kiume, kisha mabinti, kila kundi na tuni yake, halafu zote nne zinaimbwa kwa mpigo mmoja. Kijiji kizima kimepangwa masikioni mwako kabla tukio la kwanza halijaanza, kwa hiyo binti anapojichagulia mume bila mshenga unajua ni nguzo gani imeng'oka.

Basi chukua karatasi, andika kwa sentensi moja mchezo wako unahusu nini. Kama sentensi hiyo haimo kwenye wimbo wako wa kwanza, kwa maneno au kwa sauti, uweke kando hata kama ni mtamu. Huenda ni wimbo wa sehemu ya pili.

Vina_na_Mapigo
Kuhusu nani atangulie, hakuna sheria. Mtunzi wa muziki Richard Rodgers alipofanya kazi na mwandishi wa maneno Lorenz Hart, kwa kawaida muziki ulitangulia. Alipohamia kwa Oscar Hammerstein II mambo yakageuka, maneno yakawa ndiyo yanayotangulia. Ukilinganisha vipindi hivyo viwili utasikia tofauti: tuni za enzi ya Hart zinarukaruka na maneno yanazikimbilia kwa werevu, ilhali za enzi ya Hammerstein zinapumua pale mhusika anapopumua. Kwa tamthilia mimi naunga mkono maneno kwanza, kwa sababu mhusika ndiye anayeimba, si mtunzi.

Ila njia yoyote utakayoishika, linda mkazo. Kwa Kiswahili mkazo hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, kwa hiyo "mapenzi" inataka -pe- iangukie pigo zito au noti ndefu. Ukiweka ma- kwenye pigo la kwanza la kipimo (fungu moja la mapigo), msikilizaji anapoteza neno, na kwenye tamthilia neno likipotea hadithi imepotea pia. Mtunzi wa muziki Leonard Bernstein alifanya hili vizuri mno kwenye wimbo Maria wa West Side Story, 1957. Kutoka Ma- hadi -ri- sauti inaruka nusu-toni sita (nusu-toni ni hatua ndogo kabisa kwenye kinanda), umbali wenye ukakasi unaodai kutulizwa, kisha -a inapanda nusu-toni moja tu na sikio linatulia. Silabi yenye mkazo ndiyo iliyobeba hamu yote ya kijana anayeimba jina la mpenzi wake.

Na vina visimzidi mhusika akili. Sondheim, aliyeandika maneno ya mchezo huo, aliulaumu mwenyewe hadharani I Feel Pretty: vina vyake vya ndani ni vya kijanja mno kwa msichana mhamiaji anayeimba.

Kinanda88
Nyongeza kwa Pazia: tusidhani kufungua lazima kuwe na kundi zima jukwaani. Oklahoma! ya 1943 inafunguka na mama mmoja akisukasuka siagi, na sauti ya mwanamume inaanza kusikika nje ya jukwaa, kwa mwendo wa mapigo matatu. Inatosha, maana mchezo wenyewe ni wa shamba na watu wake.

Solfa_Do
Nimewapata wakuu. Urefu je? Wangu una beti nne na kiitikio kila baada ya ubeti.

Kinanda88
Piga hesabu. Umbo la zamani la AABA (tuni moja mara mbili, nyingine mara moja, kisha ya kwanza tena) ni vipimo 32, yaani sehemu nne za vipimo 8. Kwa mapigo manne kila kipimo unapata mapigo 128. Ukiimba kwa mwendo wa mapigo 96 kwa dakika, ni sekunde 80. Ol' Man River ya Jerome Kern na Hammerstein, kutoka Show Boat ya 1927, kiitikio chake kimekaa humo humo, na bado sauti inasafiri zaidi ya oktavo moja na nusu (oktavo ni umbali wa kutoka do hadi do ya juu). Hapo ndipo waimbaji wengi wanapokwama: wanaanza juu mno na mwisho hawafiki. Tafuta kwanza noti ya juu kabisa ya mwimbaji wako, ndipo upange ufunguo, yaani noti ya msingi ya wimbo.

Kwa beti zako nne, soma kila moja na ujiulize kuna habari gani mpya ndani yake. Ubeti unaorudia habari ya uliopita utoe. Kiitikio nacho kikirudi, kirudi na kitu kilichobadilika jukwaani: mtu ameingia, au mtu amekasirika.