Tupeane uzoefu: chai ya barafu ya matunda na viungo uliyoitengeneza nyumbani ikakugeuka

Mama wa Tegeta
Wapendwa poleni na joto. Jana nimeingia dukani kuchukua maji nikakuta wamepanga chai ya baridi ya chupa, ya embe na tangawizi, nikasimama pale kama nimemwagiwa maji maana nilikumbuka kitchen party ya mdogo wangu. Sijawahi kuisimulia vizuri kwa mtu. Mdogo wangu hanywi soda na mama mkwe wake mtarajiwa anaumwa sukari, nikajitolea mwenyewe kwamba kinywaji niachieni mimi, nitatengeneza chai ya barafu ya nanasi, mdalasini na iliki, ndoo mbili za lita 20, sukari kila mtu ajiwekee. Jagi moja nyumbani nimeshatengeneza mara nyingi tu haijawahi kuniangusha. Nikachemsha usiku, majani nikajaza makusudi nikijua barafu itaizimua, nikafunika ndoo zikiwa bado na moto wake nikaziingiza kwenye friza la jirani nikalala. Asubuhi nafungua, jamani, chai imekuwa kama maji ya mfereji baada ya mvua, huoni hata mwiko uliomo ndani. Naonja, chungu, inabana ulimi. Nikajua ni nanasi tu, nikachuja kwa kanga mpya mara tatu, wapi, ileile. Muda ukawa umeisha tukaipeleka hivyohivyo. Wageni wa upande wa bwana wananyanyua glasi wanaiangalia kwenye mwanga wanairudisha mezani, mpaka shangazi yao mmoja akauliza kwa sauti haya maji mmeyachota wapi. Ndoo moja na nusu niliimwaga kwenye migomba usiku uleule. Sasa ni miaka 6, mdogo wangu hajawahi kunitamkia neno lakini macho yake siku ile ninayo. Aliyewahi kukutwa na hili aniambie, ilikuwa nini?

mpita_njia
Pole sana dada. Hilo la shangazi limeniuma mimi.

Mtoto wa Rungwe
Dada si nanasi wala si maji. Mimi nimekulia kwenye chai, Tukuyu. Chai ikikolea sana halafu ikapigwa baridi, tanini (ile inayobana ulimi) na kafeini zinashikana zinakuwa chembe ndogo mno zinazoelea, ndio huo ukungu, kanga haiwezi kuzikamata. Tena waonjaji wa kiwandani wakiona kikombe kimefanya ukungu kikipoa wanafurahi, maana yake chai imeshiba. Ila kwenye glasi ya mgeni inatisha kweli. Usiikoleze hivyo, na iache ipoe yenyewe mezani mpaka isiwe na uvuguvugu ndipo uingize kwenye friji. Ikishatokea, ongeza maji ya moto kidogo koroga, utaiona inang'aa mbele ya macho yako. Na hilo la kubana ulimi ni majani kukaa ndani. Majani yetu haya ya punje yanatoa haraka, dakika 3 mpaka 5 unachuja. Ya kwako yalilala humo?

Mama wa Tegeta
Yalilala humo. Yaani maji ya moto tu kaka? Na nilikuwa na chupa nzima ya maji ya moto pale ukumbini.

Kericho Damu
Lakini pia mbona majani yaingie mwanzo? Kwetu strungi, yaani chai isiyo na maziwa, ya viungo ni hivi, tangawizi na mdalasini zichemke kwanza dakika kumi, zima moto, ndio uweke majani. Tunda linaingia ikishapoa kabisa. Na karafuu achana nayo kabisa, mimi niliweka mara moja watu wakaniuliza kama nimeweka dawa ya meno, ulimi ulikufa ganzi.

Mpemba Mkaazi
Karafuu haina kosa, kosa ni mkono. Jagi la lita 2 ni karafuu 3, nzima, husagi. Watu wa bara mnamimina kama mnapika pilau ya harusi halafu mnaitukana karafuu.

Kericho Damu
Bara gani? Mimi nimekaa Mombasa miaka 11 na hiyo karafuu niliwekewa na mama wa Kimvita mwenyewe.

Mpemba Mkaazi
Basi aliweka ngapi? Sema idadi.

Tandika Mwisho
Nyie ya kwenu ilifanya ukungu, ya kwangu ililipuka.
Ilikuwa Ramadhani, mke wangu anapenda chai ya barafu wakati wa futari, nikasema wiki hii nampumzisha. Nikachemsha maganda ya nanasi na ukwaju na tangawizi, nikachanganya na chai ya rangi na sukari ya kutosha, ilipopoa nikakatia na nyama ya nanasi mbichi ndani ili iendelee kutoa ladha. Nikajaza chupa mbili za kioo zile za sharubati, nikakaza vifuniko kwa nguvu zangu zote. Umeme ukakatika. Nikaziweka juu ya kabati la jikoni nikisema ukirudi nitazirudisha kwenye friji, ukarudi, nikasahau. Siku ya pili saa kumi jioni mke wangu yuko jikoni anakanda unga, mtoto wa miaka 4 amekaa kwenye kigoda chini ya lile kabati, mama yake akamwambia kaniletee mwiko sebuleni. Hajafika sebuleni nikasikia mlio nikadhani ni mtungi wa gesi. Nimekimbia nakuta mke wangu kasimama mikono ina unga hawezi kusema, vioo viko kwenye beseni la unga, viko kwenye sufuria ya maharage, kipande kimoja kimechoma kigoda kimesimama wima. Kile kigoda. Na chupa ya pili bado iko pale juu inatuangalia. Niliifunika na blanketi zito nikaibeba mpaka nje nikalegeza kifuniko kidogo kidogo mkono ukiwa ndani ya blanketi, povu liliruka likafika kwenye bati la baraza. Kigoda nilikichoma moto. Mpaka leo nikisikia kifuniko cha soda kinatoa upepo moyo unashtuka.

mpita_njia
Subhanallah. Mtoto hakuguswa?

Tandika Mwisho
Hakuguswa hata na tone. Sasa yuko darasa la tatu.

Dada wa Moshi
Nimesoma nimesimama. Nilikuwa na chupa ya tangawizi na pasheni kabatini nimeenda kuifungua sasa hivi. Imetoa upepo!

Mpemba Mkaazi
Pole ndugu yangu, Mungu amewaokoa. Lakini tuseme ukweli, ile ilishakuwa pombe.

Dada wa Moshi
Siku mbili pombe ya wapi? Hiyo ni kama togwa tu.

Mpemba Mkaazi
Togwa ni ya nafaka. Nanasi na sukari vikiumuka ni kingine.

Tandika Mwisho
Nilimwaga yote, hakuna aliyeonja. Tafadhali msinigombanie hukumu kwenye habari ya vioo.

Nesi wa Zamu
Tunda bichi lina hamira yake ya asili juu ya ganda, ikikutana na sukari na joto inatoa gesi, na gesi ikikosa pa kutokea ndio hayo. Weka kwenye jagi lenye kifuniko cha kuegesha, ndani ya friji, mmalize kwa siku mbili. Na jambo ambalo hamjalitaja ni barafu. Mimi nililala siku nne kwa barafu ya mifuko ya mtaani niliyoiweka kwenye chai nzuri niliyoichemsha mwenyewe. Kuganda hakuui wadudu. Chemsha maji, yapoe, gandisha mwenyewe.

Muscat Leo
Huku joto ni jingine kabisa. Bibi yangu alitoka Ng'ambo ya Unguja na iliki zake, alipofika huku akaongeza ndimu kavu. Unaipasua, unatoa mbegu zote maana ndizo zenye uchungu, unaichemsha na iliki, unaacha ipoe, chai kidogo sana. Tamu kuliko limau.

Kericho Damu
Ndimu na limau si ni kitu kimoja?

Mpemba Mkaazi
Yaa Rabbi.

Dada wa Moshi
Na ya maziwa je? Mimi niliweka maziwa kwenye ya pasheni yakakatika yote.

Mtoto wa Rungwe
Lazima yakatike, pasheni ina ukali wa asidi. Chagua tunda au maziwa.

Muscat Leo
Embe bivu sana linakubali maziwa, nafanya kila wiki.

Nesi wa Zamu
Nanasi bichi msijaribu, maziwa yanakuwa machungu. Lichemshe kwanza.

Mama wa Tegeta
Nimerudi. Nimetengeneza jagi moja mchana huu, viungo kwanza, majani dakika 4, nikachuja, nikaiacha mezani mpaka alasiri ndipo friji. Sukari nimeifanya shira pembeni maana kwenye baridi haiyeyuki vizuri. Nimeweka kidole nyuma ya glasi nakiona. Nimempigia mdogo wangu aje Jumamosi na mama mkwe wake, sikumwambia kwa nini, amenyamaza kidogo halafu akauliza, ni ile ya nanasi?

Mpemba Mkaazi
Karafuu umeweka ngapi?

Mama wa Tegeta
Tatu.

Mpemba Mkaazi
Nzima?