Ushauri: tutoke Lubumbashi tukaishi Kalemie, kando ya ziwa Tanganyika?

Baba Mapacha (Katuba, Lubumbashi)
Wandugu, salamu. Nina miaka 41, nashona nguo, mke wangu anauza ndakala kavu, wale samaki wadogo, sokoni. Baba mkwe alipofariki alimwachia nyumba Kalemie, karibu kabisa na ziwa. Sasa mke wangu anataka tuhame na watoto wote wanne. Anasema huku kodi inatumaliza, kule tuna paa letu, na ndakala atazinunua zikitoka majini. Naona ana haki, ila wateja wangu nimewakusanya kwa miaka 15. Nikifika kule nani ananijua? Silali vizuri.

Mtoto wa Lukuga
Yaya, kaka yangu, pole kwa msiba. Mimi nimezaliwa Kalemie. Kabla ya wateja, uliza habari ya maji. Tanganyika inapokea mito mingi, lakini njia ya kutokea ni moja tu, mto Lukuga, hapo hapo Kalemie. Mvua zikizidi hata huko Burundi, ziwa linapanda mpaka kwetu. Mwaka 2021 na 2024 watu walihama nyumba zao. Majirani wakuonyeshe alama ya maji ukutani. Kama yaliingia ndani, usilaze watoto humo, panga nyumba huko juu mlimani.

Fundi wa Ruashi
Usiende. Watoto wakikua watasomea wapi?

Mtoto wa Lukuga
Chuo kikuu kipo Kalemie, ndugu.

Mama Ndakala
Baba Mapacha, nimefanya biashara hiyo ya mama miaka mingi, nisikilize. Samaki hawapatikani kila siku. Wavuvi wanawavuta kwa taa usiku wa giza. Mwezi ukiwa mpevu samaki hawafuati taa, pirogi (mitumbwi) zinalala ufukweni, na wewe unakula akiba. Tena nchi nne za ziwa zilipatana kufunga uvuvi miezi mitatu kwa mwaka, katikati ya mwezi wa 5 mpaka katikati ya mwezi wa 8. Mwanamke asiye na kitu kingine anakopa mpaka anauza vitenge vyake. Lakini fikiri: miezi hiyo ikiisha, masomo yanakaribia kufunguliwa mwezi wa 9, kila mzazi anatafuta sare. Nyumba yenu ina cherehani! Samaki wakikosekana, wewe ndiye utakayelisha watoto.

Muuguzi wa Kampemba
Kipindupindu kinarudi rudi Kalemie. Maji ya ziwa yanaonekana safi, lakini yachemsheni au mtie dawa ya klorini, hata mkiona majirani wanakunywa hivyo hivyo. Na choo kijengwe mbali na maji, kabla watoto hawajafika.

Baba Mapacha
Mungu awabariki. Nimempigia shemeji: maji yalifika kwenye ngazi, ndani hayakuingia. Bado naogopa, hiyo ngazi nataka kuiona kwa macho yangu. Mama Ndakala, habari ya sare imenifungua akili. Nitatangulia peke yangu mwezi wa 7, nishone mpaka masomo yafunguliwe. Mama na watoto wabaki Katuba kwanza, nyumba ya kupanga hatuiachi. Sasa cherehani yangu ya kukanyaga itafikaje kwa treni bila kuharibika?

Mtoto wa Lukuga
Fungua kichwa cha cherehani, ukifunge kwenye blanketi, ukae nacho mwenyewe. Miguu ya chuma iende kama mzigo. Na ubebe unga wa bukari (ugali) wa kutosha, yaya, treni inaweza kukaa njiani siku nyingi.