Kila mwanamke mwenye maumivu chini ya kitovu anaandikiwa PID, mimi nijaze nini?

Masjala Newala:
Wakuu habari za jioni, nipo masjala kwenye kituo cha afya huku Newala, naingiza magonjwa kwenye mfumo na kujaza namba za ICD-10, yaani namba za kimataifa za magonjwa, kwenye fomu za bima. Sasa mama akija na tumbo chini ya kitovu faili linarudi limeandikwa PID (maambukizi ya via vya uzazi vya mwanamke) basi, hakuna kingine, binti wa miaka 16 anayeumia siku za hedhi PID, mama wa 45 mwenye uvimbe PID. Nijaze N73.9, namba ya PID, hivyohivyo wakati naona kabisa siyo?

Tabibu Nachingwea:
Usijaze kwa kubuni mkuu, rudisha faili kwa aliyemuona. Kama chanzo bado hakijajulikana R10.2 ipo kwa kazi hiyo, ni maumivu ya nyonga, yaani sehemu ya chini ya tumbo, hakuna aibu kuiandika. Hedhi yenye maumivu N94.6, endometriosisi (utando wa ndani ya kizazi kuota nje yake) N80, faibroidi (uvimbe wa kizazi) D25. Mimba nje ya kizazi ni O00 na hiyo inaua, ndo maana mwanamke wa umri wa kuzaa faili lake lazima lionyeshe hedhi ya mwisho na kipimo cha mimba.

Nesi wa Lindi:
Naongezea, PID siyo neno dogo jamani, mume akisikia ni ya zinaa nyumba inawaka moto. Kuna dada alikuja na rundo la karatasi za doksi na metro, dawa za kuua bakteria, kila alikopita PID, kumbe maumivu yanaanza siku mbili kabla ya hedhi na tendo la ndoa linamuuma, hayo hakuna karatasi hata moja iliyoyaandika!! Huku kwetu wanakwambia "nina chango", sasa muulize linauma lini, upande gani, limeanza lini, uchafu upo au haupo, halafu andika hivyo alivyojibu.

Masjala Newala:
Asanteni sana. Sasa PID yenyewe daktari aandike nini ndo niiamini?

Tabibu Nachingwea:
Alichokikuta akipima kwa vidole, yaani mlango wa kizazi ukisogezwa unauma, au kizazi, au pembeni kwenye mirija. Akikuta hivyo kwa mwanamke anayeshiriki tendo na hakuna sababu nyingine atibu mapema, asisubiri, mirija ikiharibika ni ugumba. Na maumivu yakipita miezi 6 aandike kwa maneno kwamba ni sugu, maana R10.2 peke yake haisemi hilo.