Nimelipa elfu ishirini na tano kuchunwa usukani wa ngozi, halafu naambiwa kosa ni la jua la Mwanza

Wakuu, naandika nikiwa na hasira, nivumilieni. Na moderata naomba usiuunganishe uzi huu na ule wa mafundi wezi. Huyu hakuiba chochote. Ameharibu mbele ya macho yangu na nikamlipa.

Gari ni Mark X ya 2008, usukani wa ngozi nyeusi, uleule uliotoka nao Japani. Ninayo mwaka wa nne sasa, haujawahi kuchubuka hata pa kuweka ukucha. Shida yake ilikuwa moja tu, pale mikono inaposhika palikuwa panang'aa na kunata. Najua sababu: biashara yangu ni dagaa, kutwa niko Mwaloni Kirumba, na ukishashika magunia halafu ukaingia kwenye gari, ujifute usijifute, mafuta yanahamia kwenye usukani. Jumamosi nikasema leo niusafishe.

Sehemu yenyewe ya kuoshea magari siitaji jina. Iko ufukweni kabisa, maji ya povu yanateremka ziwani huku unayaona. (Sheria ya Mazingira ya 2004 inazungumzia mita 60 kutoka ziwani, lakini hilo lina uzi wake.) Bango linasema wanarudisha ngozi kuwa mpya.

Dogo akaja na chupa ya maji iliyotobolewa kifuniko. Namuuliza nini hicho, ananijibu, "Dawa, mzee." Dawa gani, wakati dakika tano nyuma nimemwona anaimwagia rimu za Noah ya jirani? Ningeondoka hapohapo. Sikuondoka, hilo ni kosa langu.

Akaminya chupa moja kwa moja juu ya usukani. Sabuni ikachuruzika kwenye vitufe vya redio, ikaingia kwenye mwanya unaozunguka honi, na nyuma ya honi hiyo ndipo umekunjwa mfuko wa hewa. Kisha akashika sponji la vyombo, akaligeuza upande wa kijani, ule wa kukwangulia ukoko wa wali. Anasugua huku anabishana na mwenzake habari za Simba na Yanga. Alipofuta, kitambaa kikatoka cheusi ti. Akaninyooshea kwa fahari, "Umeona uchafu huo mzee?"

Jamani, ule haukuwa uchafu peke yake. Ilikuwa rangi!

Ngozi ya usukani siyo kama ya viatu vya kimasai. Imepakwa rangi, na juu ya rangi kuna utando mwembamba mno wa kuilinda. Uchafu wa mikono unakaa juu ya utando huo, kwa hiyo hakuna haja ya kukwangua. Ukipiga sabuni kali ya injini, au tina, au jiki, au ukwangue kwa sponji la sufuria, unauondoa utando, kinachofuata ni rangi, kisha ngozi inabaki uchi na kuanza kunywa kila jasho. Hata ile spiriti ya kutakasa mikono tuliyoizoea wakati wa korona inaulainisha ukiwa unashika usukani kabla haijakauka.

Hapo hajamaliza. Akachukua ile polishi ya tairi, nasema ya TAIRI, akapaka mduara mzima hadi ukameremeta kama sangara aliyetolewa majini sasa hivi. Nikatoa hela.

Nimefika kipilefti cha samaki pale mjini, nakata kona, usukani ukateleza mikononi kama sabuni ya kuogea. Bodaboda alikuwa ubavuni kwangu. Aliyonitukana siyaandiki hapa, na alikuwa na haki yake. Nyumbani nikakuta viganja vyeusi na shati jeupe limepata alama mbili kifuani. Siku ya nne, upande wa juu kulia, magamba yakaanza kunyanyuka, chini yake rangi ya kijivu.

Kumbe kwanza usukani wa ngozi ulio safi haung'ai! Umetulia, umefifia, ukiushika unashikika. Ukiona unameta ujue ni mafuta, ya mikono yako au ya chupa ya mtu. Na kazi yenyewe haizidi robo saa: kisafishio laini cha ngozi, unakinyunyizia kwenye brashi ya nywele laini na siyo kwenye usukani, unasugua taratibu kipande kwa kipande, hasa kwenye mishono, unafuta kwa kitambaa chenye unyevu, unakausha. Ukitaka kuulinda, paka kilinzi cha ngozi kisicho na mafuta, kidogo sana, halafu pangusa kinachobaki. Wanaonishauri mafuta ya nazi au ya mgando, asanteni, ila hayapenyi utando ule, yatabaki juu yakisubiri vumbi la Igoma.

Nimemrudia mwenye sehemu. Ameutazama usukani, akatikisa kichwa kama daktari, akasema ngozi za Japani haziliwezi jua la huku. Mzee, jua hili lilikuwepo miaka yote minne, na ni kweli linakausha ngozi, ndiyo maana napaki kivulini na kuweka kizuizi kwenye kioo. Jua gani linachubua kwa siku nne, tena pale tu lilipopita sponji?

Mwenye kumjua fundi wa kupaka rangi ngozi hapa Mwanza anitumie ujumbe. Kupaka rangi, siyo kuvika kava. Kava ya manyoya nimeshanunua kwa hasira, inazunguka peke yake, nimeitupa siti ya nyuma.

Hela hajarudisha. Amenipa ofa ya kuoshewa gari bure mara tatu, "na usukani humohumo."