Waliowahi kununua nyumba ya urithi njooni hapa, tupeane uzoefu

Habari za jioni wakuu. Kuna nyumba nimeipata Tabata, vyumba vitatu na fremu moja ya duka kwa mbele, mzee mwenyewe alifariki mwaka juzi na watoto wanataka kuuza wagawane. Bei iko vizuri kusema kweli, ila kila ninayemwambia ni nyumba ya marehemu anashtuka. Dalali naye kila asubuhi anapiga, sijui kuna mteja mwingine ana keshi mkononi. Naombeni mlionunua mniambie mlipitia nini, mazuri na mabaya yote.

Mdau, Mbagala
Mkuu mimi yalinikuta. Aliyekuwa anauza ni kaka mkubwa, ana muhtasari wa kikao cha ukoo umegongwa muhuri wa serikali ya mtaa, majina kumi na moja na saini zao, nikajua hapo nimemaliza, nikalipa milioni 18 ya kwanza. Kumbe ule muhtasari ni wa kumpendekeza tu, usimamizi wa mirathi unatolewa na mahakama na yeye mahakamani hakuwahi kukanyaga. Siku napeleka fundi abadilishe vitasa nakuta ukuta wa mbele umeandikwa NYUMBA HII HAIUZWI kwa rangi nyekundu, rangi yenyewe mbichi bado inachuruzika, na dada yao mmoja kakaa barazani na wanawe wawili. Hakunitukana. Aliniambia tu, "Kaka yangu, na mimi ni mtoto wa marehemu, mbona mimi hukuniuliza?" Saini yake kwenye muhtasari ilikuwepo, ila siyo yeye aliyesaini. Hela nimerudishiwa nusu, nusu nyingine nazungushwa mpaka leo. Iliniuma sana, na yule dada iliniuma zaidi maana alikuwa na haki.

Dada, Morogoro
Pole sana kaka. Sisi ilienda vizuri ila mume wangu ni mtu wa kufuatilia. Msimamizi alitupa kopi ya Fomu namba 4, ile mahakama ya mwanzo inayompa mtu usimamizi, mume wangu akachukua namba ya shauri akaenda nayo mwenyewe kwa karani, faili likatolewa wakalinganisha jina kwa jina. Kwenye faili ndimo tukaona orodha ya warithi wote, wako sita wakati sisi tuliambiwa wanne! Tukasema hatulipi mpaka wote sita wakae mezani. Wawili walikuwa mbali, tukasubiri karibu miezi miwili, siku ya kusaini mbele ya wakili kila mmoja kaja na kitambulisho chake na mama yao mjane yupo. Usisahau mjane jamani, kama nyumba walichuma wote basi ana sehemu yake kabla hata ya kuongelea urithi.

Mdau, Mwanza
Naongezea kwenye hati. Kama nyumba ina hati ya jina la marehemu, ofisi ya ardhi watataka kwanza msimamizi asajiliwe yeye kwenye hati kama msimamizi wa mirathi, halafu ndiyo yeye ahamishe kwako. Mimi nililipa yote kabla ya hiyo hatua, msimamizi akishapata hela zake simu hapokei, nikahangaika mwaka mzima na zaidi. Bakiza hela ya maana mpaka jina lako litoke.

Mdau, Nakuru
Kwetu Kenya pia watu huchomeka hapo. Mtu anakuonyesha granti ya korti, ile karatasi ya kumpa usimamizi wa mirathi, unafikiri mambo yameisha, kumbe shamba au nyumba haiuzwi mpaka ile granti ithibitishwe, na kwa kawaida hiyo ni baada ya miezi sita. Uliza sertifiketi ya uthibitisho, usome jina la kila mrithi na fungu lake.

Mwenye uzi
Asanteni sana, mmenifumbua macho. Mchana huu nimempigia kaka mkubwa wa hawa wanaoniuzia nikamwomba Fomu namba 4, kanijibu shauri lipo mahakamani ila uteuzi bado. Nimemwambia nasubiri, hela iko benki haina miguu. Nimemuuliza pia wako wangapi, kasema watano, mmoja yupo Tanga ameolewa huko. Namba yake ninayo tayari, kesho naongea naye mwenyewe.