Tupeane uzoefu: kuwapa wanafunzi wa biashara kazi ya kuandika kesi za kampuni

Mkufunzi_Njiro
Walimu wenzangu, muhula unakaribia. Tukusanye hapa mbinu zinazofanya kazi mnapowatuma wanafunzi waandike kesi za kampuni za hapa Arusha na Moshi, yaani visa halisi vya maamuzi ya biashara vya kujadiliwa darasani, si kesi za mahakamani.

Kinachoharibu kazi nyingi kuliko yote ni mwanafunzi kuleta wasifu wa kampuni. Ilianzishwa lini, dira, dhima, idadi ya wafanyakazi, basi. Kesi lazima iwe na mtu mwenye uamuzi mezani na siku ya mwisho ya kuamua. Tuseme mwenye kampuni ndogo ya utalii, mwezi wa Aprili, masika imeshika, magari yameegeshwa. Juni wageni wataanza kujaa. Anunue gari la tatu au aendelee kukodi? Uamuzi huo ndio unaomwelekeza mwanafunzi cha kutafuta: siku za kukodi mwaka uliopita, bei ya siku moja, bima, matairi, sevisi, mshahara wa dereva, riba ya mkopo. Bila uamuzi atarudi na vipeperushi.

Sharti langu: wiki ya 3 kila kikundi kilete sentensi moja inayosema nani anaamua nini na kufikia lini. Bila hiyo, barua ya utambulisho haitoki.

Sakina_Arusha
Naunga mkono. Ratiba kwa muhula wa wiki 15: wiki ya 4 barua na miadi, ya 5 hadi 8 mahojiano mawili au matatu, ya 10 rasimu, ya 12 kampuni inasoma na kusaini ruhusa, ya 14 kesi inajadiliwa darasani. Kikundi watu 4, wakizidi 5 wawili hawafanyi kitu. Kampuni za utalii msizifuate Julai na Agosti, mwenye kampuni yuko porini au uwanja wa ndege.

KahawaNaHesabu
Niongeze upande wa namba, maana huko ndiko kesi nyingi za Moshi zinakovunjika.

Kahawa ina vipimo vitatu na wanafunzi huvichanganya kwenye jedwali moja. Kilo 100 za kahawa mbivu kutoka shambani zikimenywa na kukaushwa hubaki kama kilo 20, zikiwa bado na ganda jembamba. Zikikobolewa zinabaki kama 16. Mwanafunzi akichukua bei aliyolipwa mkulima kwa kilo yenye ganda akailinganisha na bei ya mnadani ya kahawa iliyokobolewa, ataandika kwamba chama cha msingi cha ushirika kinamnyonya mkulima, kumbe sehemu ya tofauti ni uzito wa ganda. Kila safu ya jedwali iandikwe ni kahawa ya hatua gani. Na malipo ya awali anayopewa mkulima yatenganishwe na malipo ya pili, kwa sababu ya pili yanaweza kuangukia mwaka mwingine wa hesabu.

Kwenye utalii kosa pacha ni amana. Mgeni analipa sehemu Januari, anasafiri Agosti. Fedha hiyo bado ni deni la kampuni kwa mgeni. Ikiingizwa kwenye mauzo ya Januari, kampuni itaonekana tajiri wakati wa masika. Ada za hifadhi nazo zionyeshwe peke yake, maana zinapita tu mikononi mwa kampuni.

Mgeni_Wa_Jukwaa
Wakuu, si rahisi zaidi kutumia kampuni zilizoorodheshwa soko la hisa Dar es Salaam? Taarifa zao za mwaka ziko wazi.

Mkufunzi_Njiro
Ndugu, kwa mwaka wa kwanza inafaa, hasa kujifunza kusoma mizania. Ila taarifa ya mwaka inaeleza uamuzi uliokwisha kufanywa. Haikwambii bodi ilibishania nini. Hilo linapatikana kwa kukaa na mtu na kumuuliza.

KahawaNaHesabu
Mwenye kampuni akiogopa kutoa namba, mpeni njia hii: zidisheni kila kiasi cha shilingi kwa namba moja ya siri, tuseme 0.83. Uwiano wote wa fedha kwa fedha unabaki sahihi. Kwenye kahawa zidisheni na kilo pia kwa namba hiyohiyo. Mkiacha kilo zilivyo, bei kwa kilo itapotoka, na kwa kuwa bei za mnadani zinajulikana, mtu atagawanya na kuipata namba yenu. Asilimia msiziguse.

Majina ya wateja na wafanyakazi yatoke kabisa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inawahusu wanafunzi pia.

Mama_Soweto_Moshi
Kuhusu uandishi: wakati uliopita mwanzo hadi mwisho, kurasa 8 hadi 10 bila viambatisho. Maoni yawe ya msemaji aliyetajwa kwa cheo, kamwe yasiwe ya kikundi. Uchambuzi uende kwenye mwongozo wa mwalimu, andiko la pembeni la kurasa 4 lenye maswali ya mjadala na hesabu zilizofanywa. Mwanafunzi akiweka jibu ndani ya kesi, darasa halina cha kubishania.

Alama: kesi 40, mwongozo 30, daftari la mahojiano 30. Daftari liwe na tarehe, saa, cheo cha aliyehojiwa, simu ya ofisi na maelezo yaliyoandikwa kwa mkono palepale. Zile 30 za daftari msizipunguze. Akili mnemba inaandika kesi nzuri ya kampuni isiyokuwepo kwa dakika moja, lakini daftari lenye simu ya ofisi unaweza kulithibitisha kwa kupiga.